HEWA YA MZAMIAJI: MTUNGI UJAZWE WAPI PALIPOKOSEKANA DUKA LA KUZAMIA

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa masheha, watumishi wa Serikali na wakaazi wa pwani, Mkoani, Pemba



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo na la watu wachache, nalo ni ujazaji wa mitungi ya hewa itumiwayo na wazamiaji. Kabla sijaendelea, naomba neno hili lifahamike vyema. Mitaani kwetu akitajwa mzamiaji, vijana huelewa mtu aliyejificha melini kwenda kutafuta maisha ng'ambo. Huyo simzungumzii leo. Namkusudia yule ashukaye chini ya maji akiwa na mtungi mgongoni: anayekagua nguzo za gati, anayekata wavu ulionasa katika rafadha ya boti, anayehesabu matumbawe kwa niaba ya watafiti, anayewaongoza wageni, na ambaye sote humkimbilia pale mwenzetu anapozama.

Unguja, katika pwani za Nungwi, Kendwa na Matemwe na katika Mji Mkongwe, vipo vituo vya kuzamia ambavyo kazi yao ya kila siku ni kujaza mitungi. Kwetu Pemba hali ni nyengine. Huwezi kutoka dukani Chake Chake umebeba mtungi uliojazwa hewa kama ubebavyo wa gesi ya kupikia. Kompresa zilizopo aghalabu zimo ndani ya hoteli za ufukweni, tena kwa ajili ya wageni wao. Basi mwenye mtungi mtupu na kazi ya kesho asubuhi huanza kuulizia, na katika kuulizia huko ndiko hatari inakoanza, kwani hatokosa mtu wa kumwambia aende kwa fundi wa pancha, na mwengine wa kumwelekeza kwa mchomeleaji au kwa jamaa yake aliyeko hospitali.

Jambo la kwanza ni jina. Magazeti na redio zimezoea kuuita mtungi huu "mtungi wa oksijeni". Si oksijeni. Ndani yake mna hewa hii hii tuivutayo hapa ukumbini, yenye oksijeni takriban 21 kwa mia na nitrojeni 78 kwa mia, ila imechujwa, imekaushwa na kushindiliwa. Kulikosea jina hili si suala la lugha peke yake. Aliyeamini kuwa mtungi ni wa oksijeni hatoona ajabu kwenda kuomba ujazwe oksijeni, na mwenye kuuza oksijeni ya kuchomelea hatoona ajabu kumjazia. Oksijeni tupu huwa sumu pale inapovutwa chini ya uzito wa maji. Katika kina cha mita 6 tu mgandamizo wake hufika bari 1.6, nacho ndicho kikomo cha juu kabisa wanachokikubali walimu wa uzamiaji. Zaidi ya hapo mtu aweza kushikwa na degedege bila ya onyo lolote, kifaa cha kupumulia kikamtoka mdomoni, naye akafa maji. Aidha, oksijeni tupu ikiingia kwa nguvu katika mtungi au valvu yenye mabaki ya mafuta, huwaka moto papo hapo. Oksijeni ya hospitali ina mahali pake katika maelezo haya, nami nitapafikia, lakini mahali hapo si ndani ya mtungi wa mzamiaji.

Na kwa mchomeleaji si oksijeni pekee iliyopo. Baadhi ya mitungi yake ina agoni au hewa ukaa. Gesi hizo hazitoi riziki ya pumzi, na aliyevuta agoni tupu mara chache tu huzimia kabla hajajua kuwa kuna lililoharibika.

Tuje kwa fundi wa pancha. Tairi la gari dogo hujazwa bari 2 na ushei. Kompresa ya gereji, au ya mpulizia rangi, hufika bari 8 au 10. Mtungi wa mzamiaji hujazwa bari 200. Kwa hiyo kompresa ya gereji haiwezi kuujaza mtungi huo hata ikinguruma usiku kucha. Wanaolijua hili huamua kuuacha mtungi kabisa, wakafunga mpira mrefu kwenye kompresa ya rangi iliyo juu ya mashua na kuupeleka mwisho wake mdomoni mwa mtu aliye chini. Hewa ya mashine ile haikukusudiwa kupumuliwa. Hutoka na ukungu wa mafuta na harufu ya mpira, na injini ikizimika kwa kukosa petroli, mtu wa chini hana akiba ya pumzi hata moja. Zipo mashine za mpira zilizotengenezwa kwa kazi ya uzamiaji, zenye chujio na tangi la akiba. Hizo ni kitu kingine, wala hazifanani na ile ya rangi kwa bei wala kwa umbo.

Kwa wasiozoea hesabu za jambo hili, nitoe mfano mmoja. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una hewa ya lita 2,400. Mtu anayefanya kazi kwa utulivu huvuta takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, na mtungi huo ungemtosha saa mbili. Akishuka mita 10 mgandamizo huwa maradufu, na kila pumzi huchota hewa maradufu. Muda huwa saa moja. Akifika mita 30 mgandamizo ni mara nne, na muda uliobaki ni nusu saa, bila ya kuweka akiba ya kupandia. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayouhusu uchafu wa hewa. Kilichokuwa kidogo juu huwa mara nne ya nguvu yake katika mita 30.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwani ndipo penye roho za watu. Uchafu unaoua zaidi katika mtungi hauna rangi, harufu wala ladha. Ni kaboni monoksidi, gesi itokayo katika moshi wa injini. Damu yetu huishika gesi hii zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, nayo ikishashikwa huziba nafasi ya pumzi. Kipimo cha Ulaya kijulikanacho kwa namba EN 12021 kinataka gesi hiyo isizidi sehemu 5 katika milioni ndani ya hewa ya kupumulia. Ni kiasi kidogo mno, nacho hupitwa kwa uzembe mdogo mno.

Uzembe wenyewe aghalabu huwa wa upepo. Kompresa nyingi za visiwani huendeshwa kwa injini ya petroli au dizeli. Injini ina bomba la kutolea moshi, na kompresa ina mdomo wa kuvutia hewa. Siku ya kufungwa mashine, fundi huutazama upepo, akauweka mdomo upande utokako upepo na moshi ukaenda upande wa pili. Ikawa vyema. Lakini sisi watu wa pwani tunajua kwamba kusi haliwi kaskazi. Mashine iliyofungwa wakati wa kusi na kuachwa vile vile hadi kaskazi, huenda ikaanza kuunywa moshi wake wenyewe, na hata ndani ya siku moja matlai yanaweza kugeuka mchana na kuurudisha moshi ukutani. Gari likiachwa linanguruma karibu na mdomo huo, au jiko la kuni likiwashwa nyuma ya banda, matokeo ni yale yale. Hata kompresa ya umeme haijasalimika, kwani mafuta ya kulainisha yakipata joto kupita kiasi huungua ndani kwa ndani na kuizaa gesi hiyo hiyo.

Lililo baya zaidi ni kuwa aliyeivuta huweza asijione mgonjwa akiwa chini. Kule kina kirefu oksijeni nayo imeshindiliwa, na ile iliyoyeyuka katika maji ya damu humsitiri kwa muda. Anapopanda, sitara hiyo huondoka, akapata kizunguzungu na kuumwa kichwa, au akazimia akiwa karibu kabisa na mashua. Wenzake husema amechoka, na wapo wasemao amepatwa na upepo mbaya. Mtungi aliobaki nao huwekwa kando, kesho akapewa mwengine.

Sasa mwananchi asiye na maabara afanyeje? Mengi yamo katika kuuliza na kutazama. Mwenye kujaza na aulizwe chujio lilibadilishwa lini na limefanya kazi saa ngapi. Kituo chenye nidhamu kina daftari la saa hizo na hukuonyesha bila ya kuchukia. Aulizwe pia cheti cha mwisho cha kupimwa hewa. Vituo vingi vinavyofuata desturi njema hupima kila miezi mitatu. Mtazame mdomo wa kuvutia hewa uko wapi. Ukifungua valvu kidogo juu ya kitambaa cheupe kilicho safi, mafuta na kutu vitajionyesha, na hewa yenye harufu ya mafuta au mpira uliochomeka isivutwe abadan. Lakini kitambaa na pua havitakuonyesha kaboni monoksidi. Kwa hiyo vipo vipimo vidogo vya mkononi vya kuipima, na idara yoyote inayomshusha mtumishi wake majini haina udhuru wa kutokuwa nacho kimoja. Bei yake haifiki popote ikilinganishwa na posho na mafuta ya boti ya safari moja ya kikazi.

Niongeze neno juu ya chujio, kwa kuwa limewasumbua wengi. Mtengenezaji huandika kwamba chujio lake hudumu saa kadhaa. Saa hizo zimehesabiwa kwa hewa ya ubaridi. Joto letu na unyevu wa masika huujaza mkaa na dawa za kukaushia mapema zaidi, na chujio lililoandikwa kuwa zima huku kwetu huwa limeshakufa. Anayeagiza machujio kwa kufuata kitabu peke yake atakuta anapungukiwa.

Mtungi wenyewe nao una habari zake, zilizogongwa begani mwake. Hapo utaona mgandamizo wa kazi, kwa mfano bari 200, au paundi 3,000 kwa mitungi ya Kimarekani, ambazo ni sawa na bari 207 hivi. Utaona pia mwezi na mwaka wa kupimwa kwa maji ya mgandamizo. Desturi ya nchi nyingi ni kila miaka 5, pamoja na kukaguliwa kwa ndani katikati ya muda huo. Wapo wanaokagua kila mwaka. Mtungi wenye tarehe ya zamani, au ambao chapa zake zimesuguliwa na kupakwa rangi, si wa kujazwa. Msimamizi wa kituo akiukataa asigombwe. Anayesimama kando ya mtungi wakati wa kujaza ni yeye, na bari 200 zikiachiliwa mara moja hubomoa kuta.

Katika ghala za idara zetu ipo mitungi iliyoletwa na miradi ambayo muda wake umekwisha, ikabaki nyuma ya mlango pamoja na viti vilivyovunjika. Mtungi wa aluminiamu wa zamani uliofuliwa kwa mchanganyiko uitwao 6351, uliotumika hadi miaka ya 1980, umejulikana kupata nyufa shingoni. Wa chuma ulioingiwa na maji ya chumvi huota kutu kwa ndani, na kutu hiyo huila oksijeni ya hewa. Atakayeuvuta baada ya kukaa muda mrefu atavuta hewa iliyopungua uhai. Ndiyo maana mtungi hauachwi mtupu kabisa, bali hubakishwa na hewa kidogo ili maji yasipate njia. Uliopitiwa na moto wa nyumba, au uliookwa ili rangi mpya ikauke, usitumike tena hata ukionekana mzuri. Hali kadhalika valvu isibadilishwe na fundi wa bomba. Ipo mitungi yenye nyuzi za milimita 25 na ipo ya robo tatu ya inchi. Valvu ya moja huweza kuingia katika shingo ya pengine ikaonekana imekaza, kisha ikaruka kama risasi mtungi unapojazwa. Watu wamekwisha kufa kwa sababu hiyo.

Baada ya hayo ndipo nije kwenye suala lililowaleta wengi: basi tujaze wapi?

Pa kwanza ni hoteli zenye kituo cha kuzamia. Mwende mapema, mwombe kwa adabu, na mkubali bei yao. Kwa kazi ya siku moja mbili, kukodi mitungi yao iliyokwisha kujazwa ni bora kuliko kupeleka wenu. Mkiona mtungi una ukanda wa rangi ya kijani na manjano, au umeandikwa 32 au 36, jueni una hewa iliyozidishwa oksijeni. Usichukuliwe na asiyefunzwa, kwani una kikomo chake cha kina.

Pa pili ni vikosi vyenye mitungi ya kuingilia katika moshi au yenye wazamiaji wake, yaani Zimamoto na Uokozi na KMKM. Kompresa zao zimewekwa kwa ajili ya kazi zao, si biashara. Mkuu wa idara anayehitaji msaada huo aandike barua kwa mkuu wa kikosi kabla ya siku ya kazi, aeleze idadi ya mitungi na tarehe zake za kupimwa, na aulize aina ya kiungo, kwa kuwa viungo vya mitungi ya zimamoto mara nyingi havilingani na vya wazamiaji. Kumtuma dereva na mitungi mlangoni bila ya barua ni kumtia mlinzi katika mtihani.

Pa tatu ni Unguja. Mitungi hupelekwa kwa boti na kurudishwa imejaa. Nahodha aambiwe. Ilazwe na kufungwa isibingirike, ikae kivulini, mbali na madumu ya petroli. Kwa ndege mtungi wenye hewa haupokelewi. Uende mtupu, na uwanja wa ndege waulizwe kwanza kama valvu itakiwa kutolewa. Wenye kazi ya mara kwa mara wanaweza pia kununua mitungi mikubwa ya akiba, ikajazwa mara moja, kisha ikahamishia hewa katika midogo. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Kuna rai kwamba kila idara inunue kompresa yake. Kwa maoni yangu, kisiwa hiki kingefaidika zaidi na kompresa moja ya idara kadhaa kwa pamoja, yenye mtu mmoja anayewajibika na kifungu cha bajeti cha machujio, kuliko tatu zilizofunikwa turubai. Kununua mashine ni siku moja. Chujio huhitajika kila mara, na hilo ndilo ambalo makisio ya mwaka husahau.

Ndugu zangu, upo wakati ambapo maneno yote haya hayasikilizwi. Mtu amezama, usiku umeingia, mama yake yuko ufukweni. Kumpata maiti, kumuosha na kumzika ni haki yake juu yetu, na hapana asiyelijua hilo katika watu wa kisiwa hiki. Hapo mtungi wowote utaletwa: wa ghalani, wa jirani, uliojazwa haijulikani lini. Nawaomba masheha mliopo, kwa heshima zote, muwe nyinyi wa kusema subirini. Aliyekwisha kufa hatozidi kudhurika kwa kungojea hadi asubuhi, lakini kijana wa kumtafuta yu hai. Kila shehia ya pwani iwe na nambari za KMKM, za Polisi na za Zimamoto zimebandikwa mahali panapoonekana, ili usiku huo asiwepo wa kuzitafuta.

Na iwapo mzamiaji ametoka majini akaumwa viungo, au miguu imekufa ganzi, au hawezi kukojoa, au amezimia, basi ndipo oksijeni ya hospitali inapoingia. Alazwe, apewe oksijeni kwa kinyago bila ya kukawia, na apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Abdalla Mzee hapa Mkoani, Chake Chake au Wete. Daktari aambiwe wazi kwamba mgonjwa alikuwa akizamia, kina kipi na kwa muda gani, ili aweze kuulizia chemba ya mgandamizo. Asirudishwe chini ya maji kwa kudhani maumivu yatapungua. Mtungi alioutumia ufungwe valvu, uandikwe jina lake na uhifadhiwe, usijazwe wala kumwagwa, mpaka hewa yake ipimwe.

Suala la nani anaruhusiwa kuvua kwa kutumia mitungi si la mazungumzo haya. Wahusika waende Idara ya Uvuvi wapewe kanuni zilivyo.

Fundi tuliyefuatana naye atajibu masuala ya mashine. Waliokuja na mitungi yao waiache ilipo, pale kivulini chini ya mwembe, naye ataipitia mmoja mmoja kusoma chapa zake. Itakayoonekana imepitwa na muda itaandikwa kwa chaki, na mwenyewe ataelezwa pa kuipeleka kupimwa.